Koplo Roda Aliyekataa Kuimba

Roda alizaliwa Ibaba, kwenye mashamba ya viazi ya milima ya Ileje, na hakuwahi kuiona bahari mpaka jeshi lilipompeleka kupigana kando yake. Alikuwa na sauti nene isiyochoka. Asubuhi za mchakamchaka yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na platuni nzima ilimfuata hata wale waliovimba miguu.

Kikosi chao kilitumwa nchi jirani, kwenye mji wa pwani ulioandamwa na waasi. Wenyeji walizungumza Kiswahili cha kwao, wakakicheka kwa upendo cha Roda kilichojaa mapigo ya Kindali, lugha ya milimani kwao. Mama mmoja, Faudhia, aliwauzia samaki wa kukaanga karibu na kambi.

"Nyie mkiwepo, tunalala," alizoea kusema.

Kisha waasi wakaikata barabara kuu, makombora yakaanza kuanguka sokoni. Amri ikaja mchana kweupe: askari wote wapande meli ya mizigo iliyokuwa gatini, magari yachomwe, raia wasubiri chombo kingine. Hapakuwa na chombo kingine. Roda alilijua hilo, na meja aliyeitoa amri alilijua pia.

Roda aliwekwa kwenye geti la gati pamoja na Lucky, dereva wa platuni. Umati ulisukuma, watoto wakipitishwa juu ya vichwa vya watu. Faudhia akajipenyeza hadi mbele, mtandio umemwanguka.

"Roda mwanangu, nipitishe."

"Rudi nyuma, mama."

"Nyuma kuna nini?"

Roda aliilaza bunduki kifuani pa yule mama, akamsukuma. Faudhia hakulia. Alimtemea mate usoni.

"Afadhali wale waasi. Walikuja wakisema kabisa kwamba watatuua."

Meli ilipofika baharini, askari waliozoea kugawana sigara moja sasa walikunjana mashati kwa ajili ya kivuli. Sajenti mmoja alivua kofia yake akaitupa majini. Meja akapanda juu ya kreti.

"Hatukupoteza hata askari mmoja. Huu ni ushindi!"

Mtu akacheka huko nyuma, kicheko kibaya, kikamfanya meja ashuke.

Walipokaribia bandari ya nyumbani, bendi na waandishi wa habari walikuwa wamejipanga wakiwasubiri.

"Koplo Roda, anzisha wimbo," meja aliamuru.

"Hapana, afande."

"Ni amri!"

"Ile ya getini nilitii. Hii sitii."

Meja aliwageukia wengine. Kila mmoja akaangalia buti zake. Wakateremka kimya, bendi ikapiga peke yake, na picha hizo zikaonekana nchi nzima. Roda aliwekwa mahabusu, akavuliwa cheo, mwisho akaachishwa kazi.

Siku hizi ana duka la mchele Tunduma, mpakani, mchele unaotoka Kamsamba. Roda humuuliza kila anayefika kutoka pwani ile habari za Faudhia. Hakuna anayemjua.

Mwezi uliopita Lucky alikwama kwenye foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Naye ameacha jeshi, anaendesha lori. Akaingia dukani bila kubisha hodi.

"Wenzako hawajakusamehe," alisema. "Ulituvua nguo mbele ya taifa zima. Ungeimba tu, tungeshuka kama askari."

"Askari gani, Lucky? Wa kusukuma akina mama?"

"Nina watoto! Ulitaka nife pale getini ili moyo wako utulie?"

"Nilitaka tushuke bila kuimba. Basi."

Lucky alilipiga teke gunia la mchele.

"Unajifanya msafi. Na wewe ulipanda meli, Roda. Nilikuona. Ulipanda mbio kuliko mimi."

Roda aliinama kwenye kaunta. Akakamata jiwe la mizani.

"Toka kabla sijakupasua."

Lucky akatoka, akatema mate kizingitini. Mteja mmoja kutoka Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote, alisogeza mfuko wake. Roda akaanza kupima. Alichota kwa nguvu mno, punje zikatawanyika sakafuni.

"Bamayo, unamwaga," mteja alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Naona!" Roda alifoka. Akaendelea kupima, na mchele ukaendelea kumwagika.