Kumsemea Mjane

Siku yangu ya kwanza ya kumsemea mjane, sebuleni kwa marehemu kule mtaa wa Satellite, tulikuwa hivi: Nafula, mjane mwenyewe; Wanyonyi, kaka mkubwa wa marehemu, aliyefika asubuhi kutoka nyumbani kijijini; Mzee Barasa, Mwenyekiti wa matanga, aliye binamu wa mama yangu; na mimi Rispa, niliyeacha shule darasa la tatu. Wengine walikuwa majirani.

Ninyi vijana hamkuiona kazi hii. Katika vikao vyetu mjane hakujisemea, alitafutiwa mama wa kumsemea. Siku hiyo Wanyonyi hakutaka Nafula apande gari la kubeba mwili. Aende na basi, alisema, kama wageni. Na mjane akifika kama mgeni, atazika kama mgeni, na boma halitamjua tena.

Mwenyekiti aliniita jikoni. Alinionya nisilie, tena nisilete maneno mapya. Kazi yenyewe aliiita kugeuza: unachukua maneno ya mwenye hasira, yale yale, unayaanzia mwishoni.

"Akisikia maneno yake yanamrudia," aliniambia, "atabishana na nani?"

Tukarudi. Wanyonyi akasimama.

"Ndugu yangu alituacha akamfuata huyu mwanamke. Miaka yote hiyo. Sasa wewe, dada, utaniambia nini?"

Nikasema polepole, "Shemeji, ni kweli. Aliwaacha akamfuata mke. Leo mke anamfuata. Msimwache."

Wanyonyi alikaa, akajifunika uso kwa kofia. Tulingoja mpaka chai ikapoa. Kisha akamuuliza Nafula kama ana sweta, maana njia ya milima ya Mau ina baridi.

Baadaye nilisemea wajane mtaa wa Kileleshwa na nyuma ya maduka ya Adams, hata mjini kwenye kumbi za kukodi, chini ya wenyeviti watatu. Si kila mara nilisikizwa. Mama Apondi, mjane mwingine, aliachwa barabarani na mkoba wake, nami nikakaa naye hapo. Moyo mwingine hata ugeuze maneno vipi, haufunguki.

Sasa sauti imekwisha, nimepumzika. Wajane wa leo wanajisemea, na hilo linanifurahisha.

Pengine Wanyonyi alishika leso, si kofia. Pengine chai haikuwa imepoa. Aliyekuwepo anirekebishe, sitakasirika. Lakini Nafula alipanda gari lile, akakaa kando ya jeneza, akafika na mumewe. Hapo msinirekebishe.