Teksi Niliyomwachia Mama Mkwe

Mwaka ule baada ya uhuru nilirudi Mwanza kwa ndege, karani mpya wa serikali, suti na tai. Pale uwanjani usafiri wa kwenda mjini ulikuwa teksi moja na lori la pamba. Lori sikulitazama mara mbili. Mtu aliyetoka angani atakaaje juu ya marobota? Nikamkabidhi dereva wa teksi sanduku langu kwa sauti ya kusikika na wote.

Nilipofungua mlango nikamkuta mama mkwe wangu ameketi ndani. Alikuwa amekuja kuona ndege inavyotua. Kwetu Wasukuma mwanamume hakai na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Yeye akajifunika khanga, mimi nikamwamkia huku nimegeukia lori. Dereva akauliza kama naingia. Nikamwambia ampeleke mama kwa shangazi yangu, walikokuwa wakinisubiri.

Nilifika kwa shangazi suti imejaa nyuzi za pamba. Ndani vigelegele vilikuwa vimepamba moto. Wanawake walikuwa wamemzunguka mama mkwe na sanduku langu, wanamuuliza huko angani kukoje. Kuingia sikuweza, kwa hiyo nilisimama nje, nikamsikia akiwaeleza.