Fremu Nyeusi ya Mama Sifa

Msinicheke sana, aibu hii bado mbichi. Mama Sifa, mkubwa wa chama cha akina mama wanaopika sabuni hapa Kasuku, aliniomba niwatengenezee tovuti. Nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye mafunzo ya kompyuta, nikajiona fundi.

Katika picha yake alivaa kitenge cha rangi kali, nami nikaona zinapiga makelele. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe, nikaizungushia fremu nene nyeusi, nikatia maua meupe kwenye pembe na jina lake kwa herufi kubwa. Habari za sabuni nikazisukuma chini kabisa, zisiharibu umaridadi. Nikaiweka hewani bila kumwonyesha.

Siku ya tatu, tulipokuwa uani kwake nikimfungulia tovuti kwenye simu, pikipiki ilisimama. Akashuka mzee mwenye vumbi, mkeka kwapani, analia kilio cha matanga. Alikuwa Ramazani, mdogo wake Mama Sifa, ambaye walipotezana wakikimbia vita. Miaka yote hiyo aliishi Obokote, mpaka jirani alipomwonyesha ile picha.

Alipomwona dada yake amesimama na mwiko wa sabuni, aliutupa mkeka chini.

“Yaya, uko muzima? Picha yako iko na maua ya maiti!”

Wakakumbatiana, wakalia, hata mimi nikalia. Kisha Mama Sifa akachukua simu yangu, akaitazama picha.

“Mutoto wangu, aksanti kwa kunirudishia ndugu. Sasa uniambie: ni wewe njo uliniua?”