Nyongo ya Mbuzi wa Baba Mkwe

Aibu yangu nimeshaimeza, lakini wema wa baba mkwe siwezi kuunyamazia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Singida niliyeoa kule Mwika, mlimani. Krismasi hii tulipanda kwa wakwe, nikapewa heshima ya kuchinja mbuzi. Tukampasulia mgombani, juu ya majani ya migomba, na mimi mdomo haukutulia.

"Ini ndilo linalotengeneza nyongo," niliwaambia mashemeji. "Kifuko hiki cha kijani kinaihifadhi tu. Ukila mafuta, kinaimwaga kwenye utumbo ikayavunjevunje."

Walishachoka na somo, wakanigeuzia mgongo kuchochea moto. Nikakinyanyua kifuko kwa ncha ya kisu, kikapasuka. Nyongo ikatapakaa kwenye ini lote, na pale kwao ini ni la baba mwenye nyumba.

Nikaliosha harakaharaka, nikalibanika, nikampelekea kwa mikono miwili.

Akatafuna, akameza. "Asante sana, baba," akaniambia, akaendelea kula taratibu. Nikajua nimepona, mpaka mama mkwe alipodokoa kwenye sahani ile, akatema.

"Nani amepasua nyongo?"

"Mimi," baba mkwe akajibu bila kupepesa macho.

Ukoo mzima ukamtazama. Tangu asubuhi hakuwa amenyanyuka kitini, na shati lake lilikuwa jeupe pee. Kisha macho yote yakahamia kwangu, kwenye shati langu la sikukuu, lenye doa la kijani kuanzia kifuani hadi tumboni.