Nilivyojiona kutoka juu ya gunia la pamba

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Migato, kazi yangu kwenye shamba la pamoja ilikuwa kushindilia pamba. Gunia refu linaning'inizwa kwenye miti, unaingia ndani, unamwagiwa pamba, unakanyaga. Mwanzoni mtu wa nje hakuoni hata utosi.

Siku moja, jua kali na sijala tangu jana yake, nilijikuta niko juu hewani, najitazama. Nakiona kitambaa changu chekundu cha kichwa mle guniani, na miguu yangu inakanyaga polepole. Hata kuogopa siogopi. Kisha giza. Nilizindukia chini, namwagiwa maji.

Kosa langu ni kusimulia. Mama mkwe alisema mizimu ya kwetu inaniita. Mwenye duka Mwislamu akasema ni jini, akanipa ubani. Tabibu wa zahanati akasema njaa, joto na kukosa hewa. Ubongo ukibanwa hivyo unaweza kukuonyesha mambo. Huyo ndiye niliyemwelewa. Lakini shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mdomo wake haukuwa na breki. Alitangaza kwamba mwanamke anayetoka mwilini mchana, usiku anakwenda kuroga. Akataka nirudishwe kwa baba, ng'ombe wa mahari warudi, na mtoto wangu abaki kwao. Mume wangu kimya! Nilimkasirikia yeye kuliko kaka yake.

Kikao cha ukoo kilipokaa, nilisimama.

"Kesho aingie guniani shemeji," nikasema. "Asile kitu, kama mimi. Asipoona lolote, naondoka mwenyewe."

Walicheka, wakakubali.

Aliingia kwa mbwembwe, anaimba. Jua lilipopanda, wimbo ukakatika. Wakamtoa amelegea, tukampepea kwa kanga. Alipofumbua macho nikamuuliza, watu wote wanasikia, ameona nini. Alijipapasa utosini. Kisha akasema taratibu:

"Nimeuona upara wangu. Kwa juu."

Lo, furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena! Nikamuuliza kama na yeye usiku anaroga. Mama mkwe ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Habari ya ng'ombe ikaishia hapo.

Nilikunywa uji kata nzima, nikaingia kwenye gunia lile lile nikamalizia kazi ya shemeji, mwanangu ananichungulia kutoka mgongoni kwa bibi yake.