Kwa Nini Jackson Kipyego Alilala Nje

Mume wangu, Jackson Kipyego, hakufukuzwa nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloulizwa, ingawa siku hizi watu huuliza kwa kuzunguka. Juzi baada ya ibada mama mmoja wa ushirika wetu alinishika mkono akasema ananiombea, maana kukaa na mume anayelala nje kama mlinzi hakukuwa rahisi, na sasa Mungu amempumzisha kila mtu. Nilimshukuru. Nimefundisha muda mrefu, na najua sauti ya mtoto anayesoma kwa nguvu kitu asichokielewa. Nikarudi Kapseret kwa miguu, nikakaa mezani kuanza kuandika haya kabla hata ya kuvua kofia.

Kipyego alizaliwa Sugoi, baba yake akiwa mfugaji wa ng'ombe wachache na mzee wa kanisa. Alisoma mpaka darasa la saba, na angeendelea kama si miguu yake. Mwalimu wake, ambaye baadaye nilifanya kazi naye, aliniambia kwamba kijana yule alikuwa akimaliza hesabu zake mapema na kusimama mlangoni, akiangalia barabara. Alipokuwa kijana aliajiriwa na Bwana Thorold, Mzungu aliyekuwa akipeleka wageni kuwinda. Alianza kwa kubeba masanduku. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, Bwana Thorold aliuza bunduki akanunua vitambaa vya meza. Tangu hapo wageni hawakuja kuua. Walikuja kutazama, na waliotazama walitaka raha kuliko waliowinda.

Hapo ndipo mume wangu alipopanda akawa nyapara wa kambi. Watu hudhani nyapara ni mtu wa kupiga kelele. Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyumba ya kifahari kutoka pori hadi pori bila mgeni kujua kwamba imehama. Kulikuwa na vitanda vyenye mashuka yaliyopigwa pasi ya makaa, bafu la turubai lenye maji moto jioni, sanduku la barafu, vijiko vya fedha, na mkate uliookwa ndani ya debe lililofukiwa kwenye makaa. Walikuwa wakienda kinamasi cha Saiwa kuangalia nzohe, yule swala anayetembea majini kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha waliteremka bonde la Kerio mpaka Baringo kwenye viboko, na wakati mwingine wakaendelea kaskazini kusiko na barabara.

Sheria ya kambi ilikuwa moja, na Kipyego ndiye aliyeilinda: mgeni asione hema likisimamishwa wala likiangushwa. Asubuhi wageni wakishaondoka na gari kuangalia ndege, kambi nzima inang'olewa, inapakiwa kwenye lori, inapita njia nyingine, na wageni wakifika mahali papya wanakuta kila kitu kimesimama, chai iko mezani, kana kwamba kiliota hapo na nyasi. Alijivunia jambo hilo kuliko sifa nyingine yoyote.

Nyumbani hakutulia. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Akirudi kutoka safari alifurahi kutuona, mimi na binti yetu Jelagat, alikula, alilala, na kabla wiki haijaisha ungemkuta anatembea kando ya ua, akivuta kamba ya kuanikia nguo kuona kama imekaza sawasawa. Mimi nilisahihisha madaftari, naye alizunguka nyumba. Nilikuwa nikisikia hatua zake upande huu, halafu upande ule, na kalamu yangu nayo ikaanza kuzunguka mahali pasipotakiwa.

Kisha ikaja ahadi. Ilikuwa mwaka ule baada ya ukame, tulipoanza kusahau unga wa mahindi ya manjano ya msaada. Bwana Thorold alikuwa amezeeka na alitaka kuhamia Pwani. Aliwaambia wafanyakazi wote, ghalani mwake Eldoret, kwamba safari ya Saiwa ikimalizika vizuri Kipyego ndiye atakayeiongoza kambi, kwa jina lake mwenyewe. Wageni wa safari hiyo walikuwa mzee mmoja tajiri na mkewe, watu ambao kila mwaka waliwatuma wenzao kwa Thorold. Nilimpeleka mume wangu kwa fundi wa nguo mjini akapimwa koti la kaki. Alijitazama kwenye kioo, kisha akatazama mlango.

Yaliyotokea Saiwa nimeyapata kwake, na kwa Wangila aliyekuwa mpishi, na kwa Nderitu aliyeendesha lori, na wote watatu wanasimulia jambo lilelile.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Bwana Thorold alikuwa amempeleka yule mzee Kitale kupiga simu ng'ambo, mkewe akabaki kambini akisoma. Jua likikaribia kutua, maji yalipojaa kwenye udongo wa kando ya kinamasi, siafu walitoka. Hawakuwa wachache. Walikuja kama mkanda mweusi, upana wa unyayo wa mtu, wakapita chini ya meza ya chakula na kushika njia ya hema la kulala la wageni na jiko lililokuwa nyuma yake. Wangila alichukua debe la mafuta ya taa. Nderitu akazoa makaa kwa sepetu. Ndiyo dawa ya siafu kila mahali, na kambini walikwishaitumia mara nyingi, siku ambazo Kipyego alikuwa ametangulia mbele kuchagua mahali. Safari hii alikuwepo, na alisimama mbele ya debe.

Lazima nieleze, maana hapa ndipo watu wa kanisa wanapokunja uso. Katika koo zetu kila ukoo una mnyama wake. Mposaji akija nyumbani, kabla hajaulizwa lingine lolote, ataulizwa ukoo wake ni upi na mnyama wake ni nani. Ukoo wa mume wangu ni wa siafu. Siafu wakiingia nyumba ya baba mkwe wangu, mzee yule aliyesoma Biblia kila asubuhi aliwatoa watoto nje, akatoa viti, akaacha mlango wazi, akawaambia kwa upole wapite. Baada ya saa chache wamepita, nyumba haina hata kunguni. Hakuwaabudu. Aliwaheshimu kama unavyomheshimu ndugu aliyekuja bila kualikwa: humpendi saa hiyo, lakini humchomi moto. Asiyeona tofauti kati ya adabu na ibada ya sanamu, basi hakufundishwa vizuri.

"Mzee, sogea," Wangila alimwambia. "Wakifika kwenye siagi nitamwambia Bwana nini?"

"Rudisha mafuta jikoni."

"Jikoni ndiko wanakokwenda."

Kipyego akawaambia ni watu wa kwao. Nderitu alicheka mpaka makaa yakamdondoka. Akasema kwao Nyeri ndugu wa namna hiyo hukaribishwa kwa moto. Wangila naye, ambaye hajawahi kuacha mzaha umpite, akasema, "Sisi kwetu kumbikumbi tunakula. Ukoo wenu ungekuwa wa kumbikumbi, Mzee, ningekuwa nimekula mashemeji wangapi?"

Mume wangu alipenda utani, lakini siku hiyo hakucheka. Alitazama mkanda ule ukifika kwenye kamba ya kwanza ya hema, akasema, "Ng'oeni kambi."

Wakadhani nao ni mzaha. Alipoanza kung'oa vigingi mwenyewe, na koti lake jipya limelowa, wakajua. Hapo ndipo sheria aliyoilinda miaka yote ilipovunjika mikononi mwake. Mama yule wa Kizungu aliketi ndani ya Land Rover akaona kila kitu: hema likianguka kama ng'ombe aliyepigwa shoka, bafu likimwagwa, vitambaa vyeupe vikikunjwa na matope, wanaume wazima wakiteleza na kitanda mabegani. Walipanda mlimani wakasimamisha kambi upya. Supu ilichelewa na ilikuwa ya uvuguvugu.

Wakati wakikaza kamba za mwisho, Wangila alimjia, sasa bila mzaha. Alimwambia aseme maji ya kinamasi yalipanda. Mvua imenyesha, nani atapima? Nderitu akakubali, na hata mama yule, walivyomwona, hangebisha. Neno moja, na koti lile lingebaki mahali pake.

Bwana Thorold alifika akapiga honi penye kambi ya zamani, akakuta mashimo ya vigingi tu. Alipowapata juu alishuka garini na yule mzee tajiri nyuma yake, akauliza yeye mwenyewe, "Maji?"

"Hapana, Bwana," Kipyego alisema. "Siafu."

Thorold akasema siafu huchomwa, hata mtoto anajua. Akauliza, mbele ya wageni na wafanyakazi, kama wakija tena kesho atawachoma. Kipyego akajibu kwamba wakija tena atahamisha tena. Yule tajiri alitaka kujua ni nini kinachosemwa, na Thorold alipomtafsiria alicheka kwa sauti. Ni kicheko hicho kilichomaliza mambo. Bwana Thorold angeweza kuvumilia ukaidi, lakini si kuchekwa; akamwachisha kazi palepale.

Mume wangu alirudi Eldoret juu ya lori la mahindi. Hakubeba kitu cha mtu. Alibeba nguo zake na hema moja kuukuu lenye viraka, ambalo Thorold alimpa uwindaji ulipofungwa. Nayasema haya kwa sababu yapo maneno ya vijiko vya fedha, na wanaoyasema wanajijua.

Mwezi haukuisha kabla Bwana Thorold mwenyewe hajaja Kapseret. Alikaa kwenye sebule yangu, chini ya cheti changu cha ualimu, nikampa chai. Kipyego aliketi ukingoni mwa kiti. Thorold alizungumza Kiswahili chake cha jikoni, lakini alisema wazi. Wale wageni aliwaambia baadaye kwamba kulikuwa na maji pia, wakaridhika. Wanataka kurudi, na yule mama anamuulizia Kipyego kwa jina. Wafanyakazi wanasubiri tu neno la nyapara wao. "Useme maji," akamwambia. "Basi. Kambi ni yako."

Nilishika birika. Moyo wangu ulikuwa umeegemea upande wa maji, na nilitumaini kwamba uso wangu hauonyeshi.

Mguu mmoja wa mume wangu ulikuwa ukicheza sakafuni. Kisha akasema, "Bwana, baba yangu alisimama kwenye mvua akawaachia nyumba yake. Sasa mimi niseme hawakuja?"

"Ni wadudu, Kipyego."

"Ndiyo. Na mimi ni nyapara. Nikimkana wa kwetu ili nipate kazi, hiyo kazi nitaifanya na uso gani?"

Thorold alimaliza chai yake. Waliagana kwa mkono kama watu wanaoheshimiana, nami nikamsindikiza mgeni mpaka langoni. Kambi ilikwenda kwa mtu mwingine.

Nilitarajia majuto, au hasira. Kilichokuja ni kutembea. Alizunguka shamba asubuhi na jioni. Lori likipita barabarani alisimama mpaka sauti yake ipotee. Kitandani aligeuka na kugeuka, akisema dari iko karibu mno. Kisha siku moja alilisimamisha lile hema nyuma ya zizi, akalala humo, akalala vizuri. Baada ya siku chache akaling'oa akalisogeza, kwa sababu nyasi chini yake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe na alitaka zipumue. Akalisogeza tena. Uwanja wetu ukajaa miraba myeupe, na majirani wakaanza kuhesabu usiku aliolala nje. Naibu wa chifu naye alikuja kuuliza kama tumepokea mgeni ambaye hatujamwandikisha. Kipyego alimkaribisha ndani ya hema, akampa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, na yule bwana akaondoka akisema ni mahali pazuri.

Ninachotaka kiandikwe ni hiki. Jioni moja nilirudi shuleni, nguo yangu ikinuka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, yaliyomwagwa na darasa zima, nikakuta meza yangu ya sebuleni imetandikwa mbele ya hema, kitambaa cheupe, chai, mkate wa debe bado una moto. Mume wangu alikuwa amevaa lile koti la kaki. Akavuta kiti.

"Karibu, Madam," alisema.

"Mimi ni Mwalimu."

"Huku porini ni Madam. Mwalimu tumemwacha Eldoret."

Nilicheka, nikakaa. Usiku huo sikurudi ndani. Mimi, mwenye cheti na kamati mbili za kanisa, nililala chini ya turubai nyuma ya zizi, na si mara moja. Kwa hiyo wanaosema mke alimfukuza mume wajue kwamba mara nyingi nyumba yetu ilibaki na Jelagat peke yake, naye alilalamika kwamba wazazi wake wamemkimbia.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, hospitalini, chini ya dari. Siku ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha, na aliniuliza kama nimelegeza kamba. Kamba za katani zikilowa hujikaza, na zisipolegezwa hung'oa vigingi au hupasua turubai. Nikamwambia nimelegeza. Akafumba macho.

Hema liko bado. Kaka zake wanataka nilikunje, maneno yaishe. Nimekataa. Wangila huja kutoka Kitale mara kwa mara, tukalisogeza pamoja. Mara ya mwisho tulikuta siafu wanapita karibu na zizi, yeye akanitazama, nami nikamtazama, akaweka mikono mfukoni akasema, "Shemeji zangu, piteni." Tukalisimamisha mbali zaidi.

Tangu asubuhi nimeinuka kwenye meza hii mara nyingi kuliko nilivyoandika. Sasa mawingu yameshuka upande wa Ngeria, na matone yameanza kwenye mabati ya jirani. Kamba bado zimekazwa.