Kompyuta na njia ya ng'ombe

Juzi, kwenye steshenari moja Kilosa nilikokwenda kutoa kopi, binti mwenye laptop alikuwa akimweleza mzee mfugaji kwa nini ujumbe wa njia mpya ya ng'ombe uliwafikia wakulima peke yao.

"Kwenye programu ya kutuma ujumbe, wakulima nimewaweka kwenye orodha ya namba, nikiipitia inanipa namba. Nyie wafugaji nimewaweka kwenye kinachoitwa kamusi, kila jina na namba yake. Nikiipitia kwa amri ileile, inanipa majina tu."

"Kwa hiyo ilikuwa inatuma kwa majina?"

"Ndiyo, babu."

Binti akaongeza kwenye programu neno moja la kudai namba, akatuma tena. Simu ikalia mfukoni mwa mzee. Akasoma taratibu, akashusha pumzi.

"Basi mahindi ya watu yamepona."

Hata mimi nilipumua. Ila lugha hiyo ya kompyuta, amri moja majibu mawili, haijawahi kuishi Kilosa. Huku ukitoa shikamoo unaitikiwa marahaba, na mwenye jembe na mwenye fimbo.